Besi Isiyokosea

"Tangu lini mnanizima?"

"Ndelwa, taratibu, watu wanatusikia."

"Wasikie! Nimekuuliza, Chiduo. Tangu lini?"

Chiduo, mpiga ngoma, alikuwa ameshika vijiti vyake kama mwizi aliyekamatwa navyo. Walikuwa wanajaribu vyombo kabla ya shoo ya roki. Katikati ya wimbo Ndelwa aliacha kupiga gitaa lake la besi, akaze uzi uliolegea. Besi haikuacha. Iliendelea kunguruma kwenye spika kubwa za ukumbini, safi, haikosei hata kidogo. Kumbe ilikuwa imerekodiwa.

"Tangu vidole vyako vianze kukakamaa," Chiduo alisema. "Miaka miwili."

"Miwili? Hata ile shoo ya uwanjani, watu walipokuwa wanaliita jina langu?"

"Hata ile. Sasa ungetaka tufanyeje? Tukufukuze? Bendi uliianzisha wewe, wakati sisi hata nywele za kiroki hatujaanza kufuga."

"Mngeniambia."

"Nani akuambie? Mimi? Nilishindwa, Ndelwa."

Ndelwa akaangalia mkono wake wa kushoto. Akajaribu kuukunja, kidole cha pete kikagoma.

"Kwenye hiyo rekodi anapiga nani?"

"Ni wewe. Tumetoa kwenye rekodi zetu za zamani."

Ndelwa akaisikiliza ile besi mpaka wimbo ukaisha.

"Jamaa alikuwa anajua," akasema.

Akavua gitaa, akamvalisha Chiduo mkanda wake shingoni. Kisha akageuka, akashuka jukwaani, vidole vikitafuta nyuzi kwenye mshono wa suruali.