Mteja Mwangalifu

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne moja ya Julai, kikundi cha wezi wa mtandaoni kilitangaza kwamba kimeingia kwenye kompyuta za maduka ya dawa ya Santa Eduvigis, kimefunga mafaili yote na kuondoka na nakala. Kilitaka fidia. Kwa kuonjesha, kilianika rekodi za wateja wachache.

Kabla ya saa moja Aliro Bustamante alikuwa jikoni kwa mama yake, mtaa wa Ñuñoa jijini Santiago, koti hajalivua, kando ya jiko la mafuta ya taa.

"Nenosiri lako la Santa Eduvigis ni lipi, mama?"

"Lile lile."

"Lipi?"

"La kila kitu. Jina la marehemu paka."

Aliro alifumba macho kidogo, kisha akaanza kazi. Alibadili nenosiri la duka la dawa, la barua pepe na la benki, kila moja na lake, akaweka na ulinzi wa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Ujumbe uliokuja na kiungo cha "kuhakiki akaunti" aliufuta bila kuugusa. Benki aliipigia mwenyewe, kwa namba iliyo nyuma ya kadi, akaomba mkopo wowote utakaoombwa kwa jina la Isolina Sanhueza ukataliwe mpaka mwenyewe afike tawini kwa miguu yake.

Isolina alikuwa akipaka parachichi kwenye mkate, akimtazama mwanawe kama anayetazama sarakasi.

"Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake," alisema. "Wewe umekimbiza bawa, kiota na mti. Kuna nini humo cha kuiba? Krimu ya bawasiri! Mwizi akiitaka bawasiri yangu, mwambie aichukue yote, asiniachie hata punje."

"Hataki bawasiri yako. Anataka akupigie simu aitaje. Mtu akijua dawa yako, daktari wako, na hiyo ruti, namba yako ya kitambulisho, unayomtajia kila mwenye kaunta ili upate punguzo, utamwamini kabla hajamaliza salamu. Halafu atakuomba namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako. Usimpe mtu. Hata akijiita mimi."

"Akijiita wewe nitamjua ni mwizi. Wewe hunipigii."

Simu ya Aliro ilitetemeka mezani. Aliigeuza kifudifudi.

"Redio inasema ni madai tu," mama yake aliendelea. "Wezi ni waongo."

"Mara nyingi ni waongo. Leo si waongo."

"Umejuaje?"

"Nimelinganisha rekodi walizoanika na za kweli."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa, akaingia jirani, Edelmira, kajitanda shali, mikate ya moto kaikumbatia.

"Nimeona gari lako, Aliro, nikasema afadhali. Wewe ndiye wa kuulizwa." Alishusha sauti. "Mimi nanunua vidonge vya usingizi kwao. Wanangu hawajui. Wakijua, watasema bibi kapotewa na akili, waiuze nyumba wanipeleke kwenye makao ya wazee. Wanatafuta sababu tu, wale. Nifanye nini? Niipigie benki? Niwaambie wanangu mwenyewe kabla hawajaambiwa na watu?"

Kisu cha Isolina kilisimama juu ya mkate.

"Subiri kwanza, shangazi," Aliro alisema. "Saa tano kampuni itatoa taarifa."

"Na kama rekodi zangu zimeibwa?"

"Watakwambia la kufanya."

"Mungu akubariki, mwanangu. Ningekurupuka bure mie." Alimwachia mkate mmoja, akatoka amechangamka.

Isolina alingoja mlango ufungwe.

"Mbona yeye umemwambia asubiri?"

"Akijua Edelmira, Ñuñoa nzima itajua kabla chai haijapoa. Simu za benki zitajaa, hakuna atakayepokelewa."

"Yako imeshapokelewa."

"Ndiyo maana nimewahi."

"Baba yako naye alikuwa mwoga," Isolina alisema. "Tetemeko likipita, wa kwanza kutoka nje ni yeye. Lakini alikuwa anatoka huku akigonga milango ya watu."

Aliro alitazama saa yake, akaukata mkate wa Edelmira, akala akiwa amesimama.

"Tai imepinda," mama yake alimwambia, bila kuinua macho.

Aliinyoosha, akambusu shavuni, akaenda.

Saa tano kamili, katikati ya Santiago, mbele ya kamera za stesheni zote, Aliro Bustamante, msemaji wa maduka ya dawa ya Santa Eduvigis, alisogeza kipaza sauti.

"Madai ya wahalifu hawa ni uongo mtupu," alisema. "Hakuna taarifa ya mteja hata mmoja iliyochukuliwa, na hakuna lolote mnalohitaji kufanya."