Ngiri na Mashimo ya Mhanga

Ngiri mmoja alisoma biashara, akaazimia kuanzisha mradi wa kuwapa wanyonge makazi. Misimu mitatu akazunguka nyikani kutafuta mtaji, washauri na wafadhili. Siku moja akamkuta Mhanga, mnyama wa makucha marefu, akifukua mchwa.

"Shikamoo, mzee. Nguvu zote hizo, na bado huna mradi?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nachimba nipate kula. Nikishiba, naenda zangu."

Ngiri akamsikitikia.

Mchana huo moto ukaishika nyika. Ngiri akakimbilia shimoni kwake. Moto ulipopita akachungulia nje, akapigwa na butwaa. Majivu yalitanda kote, na humo majivuni vichwa vilikuwa vikichomoza ardhini: nungunungu, mbweha, nguchiro na wanawe wote. Hata mmoja hakuungua.

Mhanga naye akatokeza.

"Mzee," Ngiri akanong'ona, "nyumba zote hizi umezijenga kwa mtaji gani?"

"Nyumba zipi? Si mashimo yangu ya mchwa hayo?"

Ngiri akageuka polepole kulitazama shimo lake, alimozaliwa, na alimoandikia mpango wake wote wa biashara. Kuta zake zilijaa alama za makucha marefu.