Uzi Bila Fundo

Tose hakuufunga uzi fundo.

Nui aliliona hilo akiwa amekaa nje karibu na kuni, maana ndani alishakatazwa kuingia. Mama mkwe wake alikuwa barazani, anashona kanzu nyeupe ya hija, na kila alipofika mwisho wa mshono aliuacha uzi ukining'inia. Pale kijijini sanda ndizo hushonwa hivyo, ili marehemu asibaki amefungwa na dunia.

"Mama, mbona hufungi?"

"Anayekwenda kuzunguka mahekalu ya kisiwa cha Shikoku kwa miguu ni maiti tayari," Tose alisema bila kuinua macho. "Akiyamaliza yote themanini na manane, anazaliwa upya. Kwenu hawakukufundisha?"

Sindano ikamzama kidoleni, damu ikadondokea kitambaa. Tose akaifuta, akaendelea kushona, hata uso hakukunja. Ndivyo alivyokuwa, mwanamke mkavu.

Hilo neno "kwenu" ndilo lililomkata Nui maini. Tangu siku ile aliposhika kifuniko cha chungu cha moto, ngozi ikababuka na yeye hana habari, Tose alikuwa akiwaambia majirani kwamba ukoma haujawahi kukanyaga nyumba hii. Umeletwa na huyu tuliyemwoa. Na Yasaku, mume mzima na ndevu zake, akajikausha. Mkuu wa kijiji ndiye aliyekuja kutoa hukumu, akaipamba kwa jina la hija.

"Nenda ukausafishe moyo, mwili utafuata," alisema, amesimama mbali kule barabarani. "Ukianguka njiani watakuzika hukohuko. Hakuna haja ya kutuletea habari."

Kufa hakukumtisha Nui sana. Alichoogopa ni kufa peke yake kwenye njia asiyoijua, huku Fumi, bintiye ambaye hata kusema hajanyooka, akilelewa kwa kuambiwa kwamba mama yake alileta uchafu nyumbani. Aliomba asindikizwe, japo mpaka kwenye mashua ya kuvukia.

"Na mpunga nani atauangalia?" Yasaku alimjibu, macho chini.

Lakini ndara za safari alimsukia, lazima tuseme ukweli. Alimletea rundo zima la ndara za mabua, na Nui alipozipanga akakuta nyingine ni ndogo.

"Hizi zitanienea kweli?"

"Mabua yaliniishia," Yasaku alisema, akaondoka haraka.

Kanzu nayo iliisha, lakini Tose hakuweka sindano chini. Akakata kitambaa kingine. "Ya kubadilisha," alisema. Alipochoka kushona aliingia jikoni kumfokea Tane, dada yake Yasaku: chumvi ya figili hupimwa hivi, moto hufunikwa hivi, mchele wa mwaka mzima uko kwenye mtungi ule, we Tane, unanisikia au umelala? Nui alisikia yote kutoka nje. Hata hajaondoka, tayari wanamfundisha wa kushika nafasi yake. Akalia kimyakimya.

Siku ya safari walimwekea wali mweupe umejaa bakuli, na yai juu yake, chakula ambacho katika ndoa yake yote hakuwahi kupewa. Akala kidogo. Fumi alishikwa na Tane kule mwisho wa ua, analia anataka kubebwa, na mama yake akaambiwa asimsogelee. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye nyua zao wakitazama, mkuu wa kijiji akiwa mbele. Tose hakuonekana. Hata kumuaga tu ameona taabu, Nui akawaza, akavaa kofia yake pana, akachukua fimbo.

"Usigeuke nyuma," Yasaku alimwambia.

Alipolivuka lango, kitu kikapasuka nyuma yake. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Jeneza la baba mkwe lilipotolewa, Yasaku alilivunja bakuli la mzee juu ya jiwe la kizingiti, ili asije akarudi kudai wali. Sasa limevunjwa lake yeye, na wali bado una moto ndani. Machozi yakamtoka, akaendelea kutembea.

Kisha likapasuka la pili.

Nui akageuka. Yasaku alikuwa amechuchumaa juu ya vipande, anatetemeka mabega. Pembeni yake alikuwa anapita Tose, ndani ya kanzu nyeupe yenye nyuzi zinazoning'inia, fimbo mkononi, zile ndara ndogo miguuni.

"Tangulia polepole, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kumfikia mkuu wa kijiji na jirani wa mwisho. "Mguu wangu huu wa kushoto siusikii tangu kabla hujaja kuolewa hapa."