Saa Tatu Nyuma

Jamani! Kompyuta ya dada inasema saa sita na dakika nane. Simu yangu mkononi inasema saa tisa na dakika nane.

Na intavyuu yake ya kazi, kwa video, ilikuwa saa tisa kamili.

Mchawi ni mimi. Jana niliweka mfumo wa simu ndani ya hiyo kompyuta, ukae pamoja na ule wa kawaida, nicheze gemu kwenye skrini kubwa. Madude mawili nimeyapa nyumba moja, nikayabembeleza yasigombane. Yameanza kugombania saa: jipya limeirudisha kwenye saa za Greenwich, saa tatu nyuma yetu!

Dada alikuwa anapiga pasi kola ya blauzi, taratibu, akiimbaimba. Simu yake imekufa wiki nzima, kwa hiyo saa yake ni hiyo kompyuta.

"We fundi wa mtandaoni," akasema, "mbona umeganda? Si bado tuna karibu masaa matatu?"

Nikafungua mdomo.

Simu ikatetemeka kiganjani. Namba ngeni. Kwenye fomu ya kazi, dada aliandika namba yangu.

"Pokea basi!" akasema, akigeuza mkono wa blauzi. "Wewe nawe!"