Vali ya Mpira

"Choo kisipovuta, utakwenda kumwona mjukuu peke yako," Mkejina alimwambia mumewe, akakaa gatini na begi lake mapajani. "Siku tatu baharini, mtu mzima mimi, nijisitiri kwa ndoo?"

Ndani ya mashua yao ya tanga, Shaame alisukuma pampu ya mkono. Maji machafu yalishuka kidogo, kisha yakarudi chooni. Alifunga koki ya bahari, ile ya kuzuia maji ya nje yasiingie, akafungua skrubu za pampu moja moja. Vali ya mpira, inayozuia maji yasirudi, ilikuwa imevimba kama andazi. Akainusa: oili ya injini. Aliyeilainisha kwa oili hiyo ni yeye mwenyewe.

"Umemgundua mwenye makosa?" Mkejina aliuliza kutoka nje.

"Nimemgundua."

"Mimi namwona tangu asubuhi!"

Shaame alicheka. Alikata vali mpya kwenye mpira wa ndani wa gurudumu kwa kufuatisha ile ya zamani, akaipaka mafuta ya nazi, akaifunga mahali pake. Akafungua koki, akapiga pampu. Maji yalizunguka, yakaondoka. Akasubiri. Hayakurudi.

Alipotokeza kichwa nje, Mkejina alikuwa ameshavua viatu. Mguu mmoja ulikuwa mashuani, mwingine gatini, na mashua ikisogea, pengo la maji likizidi kutanuka katikati.

"Nishike basi!"

Shaame alinyoosha mikono yote miwili.