Mzee Wilbert Anaingia Kichakani

Mzee Wilbert aliposikia sauti ya Farida nyuma yake, aliingia tena kichakani. Mtu mzima, panga mkononi, akajibanza kwenye mianzi na kuwageuzia kisogo Farida na wenzake mpaka wakapita.

"Shikamoo, baba," Farida alisema, akiwa amekaza meno.

Kimya. Hata kukohoa hakukohoa. Kisha akakatiza msituni, akatokea mbele yao na kuendelea kuchonga vidaraja vya kukanyagia kwenye udongo unaoteleza.

Farida alikuwa ametoka Temeke mpaka milima ya Rungwe kwa jambo moja: baba mkwe aitambue ndoa yake. Leo mzee alikuwa anawapandisha kuliona Ziwa Ngosi, yeye, mumewe Asifiwe na wifi yake Atuganile. Farida alitegemea huko juu watazungumza. Sasa utazungumzaje na kisogo?

Miaka miwili iliyopita, alipowatembelea Dar, mzee huyuhuyu alimpa Farida mkono, akamtazama machoni, akala pilau lake sahani mbili, halafu akasema hamtambui kama mkwe. Iliuma, lakini angalau alimwambia usoni. Leo hata uso anamnyima, na hasira zilimpanda Farida kwa kila hatua.

Asifiwe, aliyelelewa na mjomba wake Gongo la Mboto tangu mchanga, alitembea kichwa chini kwa aibu. Atuganile, aliyekulia hukuhuku, alikuwa anacheka chinichini. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma Farida kuliko yote.

Walipofika kileleni ziwa likaonekana chini kabisa, la kijani, limetulia. Farida hakulitazama. Alimwona mzee akichepuka kwa haraka na kujifunika uso kwa kofia.

"Basi, imetosha," alisema, machozi yanamtoka. "Mie nashuka, narudi Temeke leo hii. Nimesalimia, nimenyenyekea, ananikimbia kama nimeoza. Asifiwe, chagua: mie au babaako."



Atuganile aliacha kucheka. Akawatazama wote wawili kwa zamu.

"Kumbe hamjui?" aliuliza. "Wifi, kwa mila za huku kwetu baba anaongea na wanawake wote wa dunia hii. Anayemkimbia ni mmoja tu, mke wa mwanawe."