Ndege Huonja Kwanza

Nilirudi chumbani kwa mama mkwe kuchukua sahani, mwanangu nimempakata, nikakuta wali bado umejaa. Mwenyewe alikuwa dirishani, akiwatupia ndege wa uani punje mojamoja. Kipupwe chote nilidhani anawahurumia kwa baridi.

“Kula basi, mama. Chakula kinapoa.”

“Subiri kwanza.” Hakugeuka. “Yule wa kijivu amekula, mbona sasa haruki?”

Nikachungulia. Ndege alikuwa amejikunyata kando ya ndoo, manyoya yamemvimba kama pamba, jicho moja limefumba.

“Si baridi hiyo, mama?”

“Jana kulikuwa na baridi vilevile, na aliruka.”

Nikaitazama sahani, nikamtazama yeye. Kumbe nilikuwa nikimpikia nani siku zote hizi, mkwe au waonjaji wake?

Niliketi kitandani, nikachota kijiko cha wali, nikampelekea mwanangu. Naye, mlafi wangu, alikuwa ameshaachama.

Mama mkwe, ambaye hata kufika mlangoni ni mpaka ashike bega la mtu, alinifikia kabla kijiko hakijafika mdomoni. Akakipiga kofi, wali ukatapakaa shukani.

“Mjukuu wangu usimguse!”